Printa ya 3D kutengeneza tezi ya maziwa ya maabara, inawezekana kwa vifaa vya huku?

mwana_ngamiani: Wakuu habari za jioni. Niko Tanga, maabara tuna printa ya 3D ya kawaida ya plastiki ya PLA na inkyubeta ya seli. Nataka mfano wa tezi ya titi wa kujaribia dawa, maana seli kwenye sahani zinajilaza bapa kama chapati, wala hazikai hivyo mwilini. Je naweza kuprinti vile vifuko vya maziwa moja kwa moja?

seli_hai: Huwezi mkuu. PLA inatoka kwenye printa na joto la nyuzi 200 hivi, seli gani itavumilia, halafu tundu lake kwa kawaida ni milimita 0.4, kifuko chenyewe ni kidogo kuliko hapo. Hata bioprinta zinazotoa jeli yenye seli hai zinaziweka tu mahali pake, kujipanga zinajipanga zenyewe, za kutoa maziwa upande wa ndani, za kuyasukuma upande wa nje. Kazi iko kwenye jeli jamani, watu wanahangaika na mashine tu! Iwe laini, maana ikiwa ngumu hata seli nzima zinavurugika, uwazi wa katikati unajaa, zinaanza kukaa kama za saratani.

binti_mkinga: Jeli si ndo hiyo ya mwani? Huku kwetu kina mama wanalima, si tutumie wetu

seli_hai: Dada yangu umegusa penyewe. Ila alijineti, ile wanayotumia sana, inatoka kwenye mwani wa kahawia. Wetu, spinosamu na kotonii, ni mwekundu, unatoa karajinani. Nayo inaganda vizuri, ya spinosamu kwa kalsiamu, ya kotonii kwa potasiamu, lakini lazima isafishwe sana kabla ya kugusana na seli, na peke yake seli hazina pa kushika, changanya na kolajeni, ile protini ya mwilini ambayo seli hushikilia.

fundi_chumbageni: Mimi ningeprinti muhuri wenye vijipini, unaugandamiza kwenye agarosi (jeli nyingine ya mwani) ya moto kiasi, ikipoa unaung'oa, vinabaki vishimo. Agarosi seli haziigandi, kwa hiyo zikitua humo zinashikana zenyewe donge moja moja, madonge hayo ndo unayahamishia kwenye jeli. Usiyaache yanenepe, katikati oksijeni haifiki zinakufa.

mwana_ngamiani: Asanteni sana ndugu zangu. Muhuri naupitisha otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke?

fundi_chumbageni: Usithubutu, otoklevu ni nyuzi 121, PLA inalegea kwenye 60 tu. Loweka kwenye spiriti ya asilimia 70, uuache ukauke kabisa.