Shule zinafunguliwa tarehe 29, nina mtoto wa darasa la saba na mama mwenye sukari nyumba moja, mngefanyaje?

MamaWawili_Tabata
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana nyumbani kwangu toka jumanne hatuelewani. Rais Magufuli kasema pale Dodoma wakati anafunga Bunge kwamba shule zote zifunguliwe tarehe 29 mwezi huu wa 6, 2020. Mi nina wawili, mkubwa darasa la saba mdogo la pili, na mama yangu mzazi naishi nae hapahapa Tabata, ana miaka 71, ana sukari na presha.

Toka shule zifungwe mwezi wa 3 kwasababu ya korona huyu mama ndo kawa mwalimu. Mi nashinda Kariakoo dukani, baba yao fundi umeme anatoka alfajiri. Shule walikua wanarusha kazi kwenye grupu la WhatsApp lakini simu naondoka nayo mimi, narudi saa 1 usiku ndo mtoto anaanza kunakili maswali kwenye daftari huku anasinzia. Kwahiyo mchana ni bibi yao, anatandika mkeka barazani anamwaga maharage kwenye ungo anamfundisha mdogo kugawanya, hili fungu la nani hili la nani, na mkubwa anamsomea gazeti kwa sauti maana macho yake maandishi madogo hayaoni. Mtoto alikua anasoma kwa kugugumia, saa hivi anasoma ukurasa mzima hata hapumziki.

Shida iko hapa, huyu mkubwa analala chumba kimoja na bibi yake, yeye ndo anaamka usiku kumpa maji na kumshika mkono kwenda chooni. Darasani kwao wako zaidi ya 60, na skul basi wanakaa watatu siti ya wawili. Akituletea huo ugonjwa ndani nitamlaumu nani? Baba yao anasema aende, mtihani wa la saba haumsubiri mtu. Kaka yangu anasema abaki nyumbani arudie mwakani. Dada yangu wa Morogoro anasema mama ahamie kwake. Wote wanaongea na mimi ndo natakiwa niamue, silali kwakweli.

Kimara_Mwisho
Pole sana dada. Mi naona muulize mwalimu kama wataweka kambi ya darasa la saba, shule nyingi zinaweka. Mtoto akilala hukohuko mpaka mtihani harudi kila siku na vumbi la daladala nyumbani. Wa kwangu anaenda, gharama inauma ila nimekubali.

Mwl_Temeke
Mzazi mwenzangu nitakwambia ukweli kama mwalimu wa darasa la saba. Sisi kwetu hatutaweza kuwatenganisha mita moja, madawati ni yaleyale na vyumba ni vilevile, asikudanganye mtu. Tunachofanya ni ndoo za maji tiririka na sabuni getini na kila mlango wa darasa, madirisha wazi muda wote, na mapumziko kwa zamu ili wasitoke wote kwa pamoja.

Lakini kumbakiza mwaka mzima mi sishauri. Miezi mitatu na ushee imeshapotea, hisabati tuliishia katikati kabisa, na mtoto wa miaka 13 akiona wenzake wamefanya mtihani mwezi wa 10 yeye kabaki nyumbani roho inamvunjika. Nina wanafunzi wangu wawili wa kike niliwapitia nyumbani mwezi wa 5, mmoja anauza mihogo stendi kutwa nzima, kaniambia mwalimu mi sidhani kama ntarudi. Nimeenda kwao mara tatu sasa. Wako ana bibi anaemfundisha, usikubali akate mwendo hapo.

Nesi_Mbagala
Dada hebu tusiweke mambo yote kwenye shule tu. Wewe unapanda daladala kwenda Kariakoo, tunakaa levo siti, hakuna kusimama, sawa, lakini bado mmefungiwa humo ndani na watu usiowajua, unashika hela za watu kutwa, mumeo anaingia nyumba za watu. Ugonjwa unaweza kuingia na yeyote kati yenu, sio mtoto peke yake. Watoto wengi wakiupata hawaumwi sana, ila mtu mzima mwenye sukari na presha ndo unamshika vibaya, hilo uko sahihi kuliogopa.

Kwahiyo linda chumba cha mama. Mtoto asilale humo, na sio kitanda tu, chumba kabisa. Dirisha lifunguliwe mchana. Yeyote anaerudi aanzie bombani na sabuni, sio kusalimia kwanza, na nguo za nje zivuliwe. Barakoa za kitambaa mshonee mtoto tatu, ziwe na matabaka mawili au matatu, zifuliwe kila siku na kupigwa pasi. Habari ya kujifukiza nyungu mama wa sukari na presha mwangalieni sana, nimepokea mmama kaungua mapaja kwa maji ya moto.

Na swali langu, kliniki yake anaenda? Wengi waliacha toka mwezi wa 4 kwa kuogopa hospitali, dawa zimeisha hawasemi.

Mpogoro_wa_Dar
Dada mbona kwenye maelezo yako yote sijaona mama mwenyewe kasemaje? Sisi mwezi wa 4 tulikaa watoto tukaamua baba aende kijijini, tukampakia basi tukajiona tumemuokoa. Kule zahanati iko mbali, dawa za presha zikaisha wiki ya tatu akanyamaza kwasababu alihisi tumemfukuza. Tulikuja kumrudisha usiku kwa gari ya kukodi hawezi kunyanyua mkono wa kushoto. Yupo hai nashukuru Mungu, ila mpaka leo nikimlisha uji nashindwa kumwangalia usoni. Muulize kwanza.

MamaWawili_Tabata
Nimerudi wapendwa, asanteni sana, Mpogoro pole mno, Mungu amnyanyue mzee. Jana usiku nimemuuliza. Alikua anachambua mchele, wala hakuacha. Kasema Morogoro siendi, kliniki yangu iko hapa, na huyu kijana jumatatu ya tarehe 29 anaenda shule, kitanda chake kitoeni kiwekwe sebuleni, usiku nikitaka maji nitagonga ukuta kwa mkongojo aje mama yake. Nesi ulikua sahihi, nimefungua kile kikopo chake cha dawa nimekuta vidonge vinne tu, kesho asubuhi nampeleka.

Kumbe mtoto alikua anatusikia siku zote hizo. Kaja kunishika kanga jikoni ananiuliza mama, bibi akiumwa itakua ni mimi? Nimemkumbatia, nikamwambia sisi wakubwa ndo tunapanga na sisi ndo tunabeba, yeye anawe mikono na asome. Sijui kama kaamini.

Kimara, kambi nimeuliza, wamesema watatujulisha. Leo nimemjaribisha sare, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu kabisa, mtoto karefuka miezi mitatu tu hii. Fundi anazitoa mapindo na hapohapo anamshonea barakoa. Nesi, kitenge kinafaa au kizito sana kwa mtoto kupumulia?

Nesi_Mbagala
Kinafaa, chukua kile laini. Ndani mwekee pamba nyeupe, na akikimbia uwanjani aivue. Kesho kliniki waombe dawa za miezi miwili.