Dola 35 kwa maporomoko ya maji Goma, juu ya lava? Na mazuku wakatuongezea bure

Wakuu, viatu bado viko mlangoni vimechanika soli, na hasira haijashuka. Anayetafuta uzi wa adabu apite huu.

Jumapili tulitoka watu sita: mimi, mdogo wangu na mume wake, binti yangu wa miaka 11, na watoto wawili wa mdogo wangu, wa mwisho ana miaka 4. Tuliona afishi (tangazo) kwenye status ya jirani. Hifadhi, maporomoko ya maji, njia za miguu kando ya ziwa Kivu, brosheti (mishikaki) na sukre (soda) ndani ya bei. Mtu mzima dola 35, mtoto 15. Picha zilikuwa tatu: gorila, maporomoko marefu yanashuka katikati ya msitu, na mzungu ameshika fimbo anacheka.

Kosa la kwanza ni langu, nalikubali. Nimezaliwa Keshero, hapa hapa Goma. Aliyezaliwa Keshero anajua huku kwetu hakuna mto. Mvua inapiga mabati mpaka hamsikilizani, halafu maji yote yanazama kwenye lava, mawe ya volkano. Ndiyo sababu tunaishi juu ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 470 na bado watoto wetu wanashinda njiani na mabido (madumu) ya njano ya kuchotea maji. Mto unaanza kuuona ukifika Sake, kwenye vilima vya Masisi. Sasa maporomoko ya Goma yatamwagika kutoka wapi? Lakini picha ilikuwa nzuri, na watoto walikuwa wameshaiona.

Na msianze na ile ya "katika hali hii ya mji, mama unatafuta utalii?" Ndiyo, natafuta. Watoto wa Goma nao wanataka kuliona ziwa siku moja bila kubeba bido.

Saa 12 asubuhi tuko mahali pa kukutania. Noti yangu ya dola 20 ikakataliwa kwa sababu ya mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto. Nikabadilisha kwa mama wa kubadilisha pesa, kwa hasara. Tukaondoka upande wa magharibi, njia ya Sake, kisha tukashuka kwa miguu kuelekea ziwani. Mita mia tatu tu, kamba imefungwa kati ya miti miwili: franka 2,000 kila mtu, "ya mtaa". Nikauliza, si tumeshalipa? Kijana wa ajensi akaangalia simu yake. Kamba ya pili: franka 1,000 kwa kila simu yenye kamera. Ya tatu haikuwa kamba, alikuwa mzee mmoja na jembe begani. Huyo nilimpa bila kinyongo, maana tulikuwa tunakanyaga maharagwe yake.

Njia yenyewe sitaisema vibaya. Mawe meusi yanashuka mpaka majini, mengine yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa, na maji yanapiga chini yake kwa sauti nzito. Wavuvi wa sambaza, dagaa wetu, walikuwa wanarudi, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba kwa kufuata kasia. Mbali kidogo kisiwa cha Tchegera, kama pete iliyoumwa upande mmoja. Binti yangu aliniuliza kwa nini sijawahi kumleta. Sikuwa na jibu.

Haya, maporomoko. Saa 6 mchana tukaingizwa kwenye kiwanja cha mtu, chenye ukuta. Ndani kuna bembea moja, viti vitatu vya plastiki na ndege kanga ndani ya waya. Kumbe hiyo ndiyo "hifadhi". Wakuu, Virunga iko hapo hapo nyuma ya mji, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, tangu 1925, na mtu anakuonyesha kanga! Kwenye kona wamerundika mawe ya lava, wakayashika kwa saruji, urefu wa mtu na nusu. Mpira unatoka ziwani, mota inavuta maji, maji yanamwagika juu ya mawe. Watu wakaanza kupiga picha. Dakika tano hazijafika, mota ikakohoa, ikanyamaza, na maporomoko yakakatika. Mlinzi akasema kwa utulivu kabisa:

"Bamama mungoje kidogo, mafuta ndiyo imeisha."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, siwezi kudanganya. Kwa hiyo hilo nimesamehe. Brosheti zilizokuwa mbili kwa kila mtu, ndogo, ngumu, nazo nimesamehe. Uzi huu ni wa kilichotokea asubuhi, kabla ya hayo yote.

Ilikuwa kama saa 2. Mawingu, jua halijachoma, hakuna upepo. Njia ikashuka kwenye bonde dogo katikati ya lava, kama bakuli, lina majani mabichi kuliko sehemu zote tulizopita. Kijana anayetuongoza akasema tupumzike pale, kuna ubaridi mzuri. Watoto wakakaa chini, wakafungua biskuti. Yule wa miaka 4 akajilaza kabisa.

Kwanza niliona mjusi amelala mgongo. Nikasema moyoni, mjusi naye hufa. Kisha kindege, manyoya mazima, hana kidonda. Wakati huo kijana amechuchumaa, anawasha sigara. Kiberiti chake cha gesi kinatoa cheche, moto haushiki. Akakitikisa. Akaazima cha shemeji. Hicho pia, cheche tu. Akasimama ili akitazame vizuri, kikawaka. Akachuchumaa, moto ukazimika kama umepulizwa.

"Ni upepo," akasema.

Majani yalikuwa yametulia tuli.

Bibi yangu alikuwa anatukataza kushuka kwenye mashimo asubuhi. Tulikuwa tunadhani ni hadithi za kutisha watoto. Lakini nilivyouona ule moto unakufa kwenye usawa wa goti, sauti yake ilinirudia sikioni. Nikapiga kelele: mazuku! Simameni, pandeni juu! Nikamnyakua mtoto. Alikuwa anahema kama aliyekimbia mlima, na alikuwa amelala tu. Akaniambia, "Mama mukubwa, kichwa inaniuma." Tulipanda kwa mikono na magoti, lava ikanichana kiganja. Juu, baada ya muda, pumzi ikamtulia. Akaomba biskuti yake. Tulikuwa tumeiacha chini.

Mnajua kijana alisema nini? "Mama, unaogopesha wateja." Halafu polepole, kwa aibu: "Mazuku ndiyo nini?"

Yeye simlaumu sana. Ana miaka kama 20, si mwenyeji wa hapa, na nadhani siku nzima analipwa chini ya bei ya mtoto mmoja. Nawalaumu waliompa filimbi na fulana wakamtuma kuongoza watu.

Kwa wasiojua, maana naona humu kuna watu wa Dar na Mombasa: mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi, ile ile inayotoa povu kwenye sukre. Inapanda kutoka chini ya ardhi ya volkano kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Haina rangi, na pua haikusaidii. Usiku usio na upepo bakuli linajaa, jua na upepo vikija linapungua. Kwa hiyo mahali ulipocheza jana saa 9 alasiri pasipo shida, kesho alfajiri panaweza kukuua. Mbuzi na watoto ndio wanaotangulia, kwa sababu pua zao ziko chini. Mtu mzima anaweza kusimama anaongea, na mtoto anazimika kwenye miguu yake.

Wataalamu wa volkano ulaya na kwingine wanaandika "mazuku" hivyo hivyo, hawakutafuta neno lao. Neno letu limefika kwenye vitabu vya watu, halijafika kwenye ajensi inayouza matembezi Goma! Mji uliochomwa na volkano ya Nyiragongo 2002, ukakimbia tena Mei 2021, tukatembea usiku kuelekea Sake na magodoro kichwani kwa sababu tuliambiwa magma imefika chini ya mji na chini ya ziwa. Hapa mtu hawezi kusema hakujua anauza matembezi juu ya kitu gani. Sehemu nyingine nimeona vibao vyenye fuvu la kichwa. Pale hapakuwa na kitu, hata jiwe lililopakwa rangi.

Niliwaandikia jioni ile ile. Sikuomba pesa. Niliomba mambo mawili: wasipite tena njia ile kabla jua halijapanda, na kila kijana anayeongoza afundishwe na wenyeji mashimo yako wapi. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, na maua: "Asante mteja wetu mpendwa! Safari ijayo utapunguziwa dola 5."

NYONGEZA, Jumatatu saa 3 usiku: Mnaoniuliza jina la ajensi, sitalitaja hapa, sitaki kesi. Aliyeandika kwamba nimekuza mambo kwa sababu nina uchungu wa pesa: chukua kiberiti, nenda alfajiri, chuchumaa. Hapana, usiende. Nimeandika kwa hasira.

Yaya (mkubwa wangu) uliyeniuliza kama nimeripoti: nimeenda asubuhi kwenye ofisi moja, nikaambiwa nirudi na barua na franka 10,000 ya kuifungulia dosie (faili). Nitarudi, barua ninayo tayari. Mtoto mzima, ameenda shule, anawasimulia wenzake kuhusu kanga.

NYONGEZA ya pili: Jirani amenitumia afishi mpya sasa hivi. Gorila yule yule, maporomoko yale yale. Wamebadilisha saa tu. Jumapili ijayo wanaondoka saa 11 na nusu alfajiri, "ili tuepuke jua".