Nikiinua mikono naona kama sisikilizwi, madeni yamenielemea, nifanyeje?

MtotoWaKiuyu:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nipo Pemba, upande wa Wete. Msimu uliopita nilikodi mikarafuu ya watu kwa pesa za kukopa, mwanzo ikaonyesha vizuri kisha mvua ikatukuta karafuu zipo majamvini nyingi zikafanya mpeta, yaani zikaharibika, zilizobaki mtini zikachanua zikakosa thamani na wachumaji walitaka pishi zao walipwe vilevile, kwa hivyo hata kilichouzwa kikaishia hapo. Sasa nnadaiwa na watu nnaosali nao safu moja. Mke yupo kwao, kasema anamuuguza mama yake lakini mie nnajua. Sala tano nasali alhamdulillah, ila nikishatoa salamu nikiinua mikono sina la kusema, zile dua za chuoni, za madrasa, nazisoma mdomo unakwenda wenyewe akili ipo kwa wadai. Jirani ananambia twende kwa mtu huko shamba akanisomee maana ati nimefungwa. Dua yangu ndo haifiki au? Nijibuni bila kunicheka.

BabuWaBarazani:
Waalaykumussalaam mwanangu. Huko shamba usende, utarudi na deni jengine la kuku mweusi na ubani. Umefungwa na nani, mvua ikinyesha uwanja mzima kafungwa kila mtu?

Sasa sikiliza. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yakamtoka weupe, wanawe wakamwambia wewe utaangamia na huyo Yusuf wako, akawajibu kwamba sikitiko langu na huzuni yangu namshitakia Mwenyezi Mungu. Aya ya 86 Suratu Yusuf, kaifungue. Mtume huyo, na anashitaki! Sisi tumelelewa kuwa mwenye subira ni yule hasemi, akawa mtu anajifanya mzima hata mbele ya Mola wake ambae anamjua nje ndani. Wewe hukosi la kusema, unalo ila unaona haya kulisema.

Amka theluthi ya mwisho ya usiku, ndo wakati wa dua. Magharibi ikiwa saa 12 na nusu na alfajiri saa 11, usiku wako una saa kumi na nusu, gawa mara tatu, theluthi ya mwisho inaingia saa 7 na nusu. Ukishindwa hiyo hata saa 10 bado umo ndani. Sali rakaa zako mbili toa salamu, halafu sema kwa Kipemba chako: Mola wangu nnadaiwa na fulani kiasi kadha na dukani kwake sipiti tena kwa aibu. Taja majina, taja pesa. Ukilia lia, hakuna anaekuona.

mwanachuo_znz:
Babu kasema vizuri, naongeza tu kuwa hayo ya Kiswahili yaweke baada ya salamu kama alivyosema, ndani ya sala shika yaliyopokewa kwa Kiarabu maana wanavyuoni wa Kishafii wamelizungumza hilo, usije ukapata wasiwasi mwengine juu ya uliokuwa nao. Na ipo dua kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari, Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan, mwisho wake inataja uzito wa deni na kuonewa na watu. Huzuni na deni vimo dua moja yakhe, ni yako kabisa hiyo

BiMkubwaMkoani:
Jamani mnampa ya usiku tu, mchana je? Kaka yangu wadai wafate wewe kabla hawajakufata, deni la mtu anaejificha ndo linalonuka. Baqara aya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, waombe muda kwa mdomo wako. Na mwenye deni aloshindwa kulipa ni katika yale mafungu manane ya watu wanaopewa zaka, Tawba 60, sasa unaona haya ya nini, mwambie imamu wako kwa siri, au uliza Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

La mke nakwambia kama mwanamke. Mume wangu alipopata hasara ya mwani alinyamaza, usiku anaamka anakaa ukumbini peke yake, mie nikajua ana mwengine huyu! Nilikuwa nishafunga nguo. Mwambie mwenzio kila kitu, pengine kakimbia kimya chako wala si umasikini.

Mgeni_Mkunazini:
Samahanini mie Mkristo, nipo Unguja siku nyingi. Kwetu Zaburi 55 inasema umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza, na zaburi nyingi ni malalamiko matupu, mtu anamuuliza Mungu mpaka lini. Kwa hiyo kaka kama ni kulalamika hauko peke yako. Pole sana.

MtotoWaKiuyu:
Ahsanteni nyote, na wewe wa Mkunazini ahsante. Babu jana niliamka, nilianza kutaja majina nikashangaa alfajiri inaadhiniwa. Bi mkubwa la mke umenipata, ijumaa nnakwenda kwao inshallah. La imamu ndo linanishinda, maana imamu nae ananidai.

BiMkubwaMkoani:
😂😂 Basi anza na huyo huyo, si ndo anaijua hiyo aya ya 280