Eti "mlango wako ndio mbovu"! Huyu fundi wa sensa atupwe ziwani

Wakuu, jina sitaji, Mwanza nzima mnamjua: mdomo mrefu kuliko ngazi yake, mita ya kupimia umeme haijawahi kutoka mfukoni. Kapewa sensa ya mlango isiyo na waya, kile kifaa cha kustua king'ora mlango ukifunguka, zile za bei chee za megahezi 433. Kazi ya kitoto: mlango wa nyuma upate swichi yake ya sumaku, utumie kitumaji kilekile cha mlango wa mbele. Kaunga. Mlango wa nyuma ukawa wazi, hata ng'ombe wa Usukuma yote angepita, king'ora kimya. Jamaa macho makavu: "Mzee, mlango wako ndio mbovu."

MLANGO. NDIO. MBOVU.

Kufungua boksi, swichi mbili ziko sambamba! Sumaku ikiwa karibu, swichi imefunga. Mlango ukifunguka swichi inaachia, ndipo sensa inarusha ishara. Kwa sambamba, moja ikiachia nyingine bado inashikilia. Yaani mwizi alazimike kufungua milango yote miwili kwa mpigo! Zinaungwa kwa mfululizo: nyanyua mguu mmoja wa ile ya kwenye bodi, ya pili iingie hapo katikati, waya zisokotwe. Halafu mlango ndio mbovu!

Sato Mbichi: Punguza jazba mkuu. Mlango ni wa chuma?

Mwenye uzi: Chuma. Kwa hiyo?

Sato Mbichi: Basi fundi kapatia nusu 😂 Chuma kinameza sumaku. Weka kibao cha sentimita 1 chini ya sumaku.

Jiwe la Kirumba: Acha kumtetea. Chuma kikimeza sumaku, swichi haifungi kabisa; zingekuwa kwa mfululizo, sensa ingeona mlango uko wazi muda wote. Hapa ni uungaji. Na nyie mnaonyanyua mguu, ubaneni kwa koleo karibu na kioo cha swichi, mkunje upande wa pili wa koleo. Kioo kikipata ufa, kwisha habari.

Mwenye uzi: Kaniita mzee pia, mlione na hilo.

Bibi Dagaa: Kwani we kijana? 😂😂 Wabaya ni wauza betri za 23A, zile ndogo za sensa. Mita inasoma volti 12 safi, sensa ikirusha tu inaporomoka. Pimeni ikiwa kazini.

Jiwe la Kirumba: Na wanaoviringisha antena kwenye betri! Sentimita 17, inyooke.

Nyakato Juu: Mna raha. Wangu kachukua swichi ya boya ya simtanki, kapitisha pampu ya volti 230 humohumo. Ncha zimegandana, maji yanamwagika hadi kwa jirani.

Sato Mbichi: Ile ibebe sensa tu. Pampu iwekee kontakta, ile swichi ya kubeba umeme mkubwa.

Mwenye uzi: Jamani, mlango...

Bibi Dagaa: Subiri mzee. Nyakato, hiyo pampu ni ya nguvu gani?