Ukoo Wetu Dar: maombi ya Mama Mkubwa

Jumatatu

Dada Upendo 06:12: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mama Mkubwa anaingia wodini Alhamisi, Ijumaa upasuaji wa goita. Jumatano saa 12 jioni tukutane kwake Tabata kwa maombi. Kila mtu aje na andiko la kumtoa hofu. Thibitisheni.

Dada Upendo 09:40: Wapendwa??

Dada Upendo 12:05: Tupo 31 humu, wameona 27. Aliyejibu ni shemeji Joel peke yake, na ni dole gumba.

Frank 12:31: Dada, Gideoni alianza na 32,000 akaingia vitani na 300. Tuko vizuri tu 😂

Anti Rehema 12:33: 😂😂😂

Shemeji Joel 12:40: Tena 22,000 waliondoka wenyewe. Walitangaziwa mwenye hofu arudi kwao.

Frank 12:41: Mimi naogopa foleni ya Buguruni. Narudi kwetu.

Dada Upendo 12:44: Frank acha utani. Mama Mkubwa halali. Taa inawaka mpaka asubuhi, anasema akichomwa ya usingizi haamki tena.

Mama Glory 13:20: "USIOGOPE" imeandikwa mara 365 kwenye Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka!!! Sambaza kwa watu 10 🙏🙏

Frank 13:22: Nani alihesabu? Tafuta kwenye Biblia ya simu, hazifiki. Na mwaka mrefu je?

Mama Glory 13:25: Baki na imani yako ya kikokotoo.

Shemeji Joel 13:51: Hesabu tuiache. Musa pale kwenye kijiti aliuliza, "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?" Hakujibiwa yeye ni nani. Aliambiwa, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Yoshua naye hivyo hivyo, Mungu yu pamoja nawe kila uendako. Vita haikufutwa, ila haendi peke yake.

Frank 13:53: Na Musa bado akagoma, akasema tuma mwingine.

Shemeji Joel 13:54: Ndiyo. Akapewa Haruni.

Dada Upendo 14:02: Amina shemeji, hilo utalisoma wewe Jumatano. Mchango wa chai na vitafunwa 5,000 kila mtu, tumeni kwa namba yangu.

Anti Rehema 14:10: Namba yako tena? Kama ya tenti?

Dada Upendo 14:11: Anti, tenti imeingiaje hapa?

Anti Rehema 14:11: Imeingia kama ilivyotoka. Bila risiti.

Mama Glory 14:13: Jamani, Mama Mkubwa yumo humu humu!

Anti Rehema amefuta ujumbe huu

Frank 14:15: Umechelewa Anti.

Bibi Kimara (simu ya Jackie) 19:48: Jackie hapa. Bibi anasema niandike kama anavyotamka, nisipunguze. "Eliya alipomkimbia Yezebeli alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumfokea, wala hakumsomea andiko. Alimgusa, akamwambia inuka, ule. Kulikuwa na mkate wa kwenye makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, malaika akarudi mara ya pili. Maneno ya Mungu kule mlima Horebu yalikuja baadaye. Mwanangu anakaa peke yake toka ule msiba. Mtampelekea maandiko thelathini, saa tatu mnawahi daladala mnamwacha na taa yake. Nani atalala pale Jumatano? Na tenti nilishasamehe mimi. Hela ilikuwa yangu."

Dada Upendo 21:06: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Frank 21:15: Shikamoo Bibi. Naweza kulala mimi. Nikitoka kazini Mbagala nafika kama saa 4 usiku.

Mama Glory 21:17: Usiku akitaka kuoga utamsaidia wewe?

Anti Rehema 21:30: Nalala mimi. Ila Alhamisi saa 11 alfajiri lazima niwe sokoni. Wodini anampeleka nani?

Shemeji Joel 21:34: Gari langu liko gereji. Fundi anasema kesho, mnawajua mafundi.

Mama Mkubwa 22:17: Nimesoma yote. Rehema njoo na shuka lako, langu moja liko majini. Upendo vitafunwa acha, lete samaki. Frank njoo hata hiyo saa 4, ya Gideoni imenichekesha.

Dada Upendo 22:20: Sawa Mama. Basi Alhamisi asubuhi nani ana gari?

Mama Glory 22:41: Amina 🙏

Dada Upendo 22:42: Hiyo amina ni kwamba unalo?