Ulikuwa wapi jioni ya tarehe 12 Aprili 1984? Tupeane kumbukumbu za Edward Sokoine

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa wakubwa. Kila Aprili inapofika huwa natamani kuwauliza wale waliokwisha kupata akili wakati ule: ulikuwa wapi Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, akirejea Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma? Tunajua kwamba alizaliwa Monduli mwaka 1938, kwamba alishika uwaziri mkuu mara mbili, na kwamba alikufa akiwa na miaka 45 tu. Ninayoyatafuta ni yale yaliyobaki majumbani mwetu.

Naanza mimi. Nilikuwa darasa la sita, Tanga. Siku hiyo ya Alhamisi baba alikwenda kusikiliza redio kwa jirani, kwani mawe ya redio yetu yalikuwa yamekwisha na madukani hayakuwako, kama ambavyo sukari, sabuni na hata kanga za mama hazikuwako. Aliporudi aliketi barazani bila kuvua kofia, mama akamwita mara mbili asiitike. Mwishowe akasema, "Sokoine hatunaye." Chakula cha usiku kililala jikoni. Baba alikuwa kuli wa bandarini, hajawahi kumwona Sokoine kwa macho, lakini aliamini kwamba yupo kiongozi mmoja anayejua urefu wa foleni ya unga.

Kutoka Dar es Salaam:
Ahsante, mtoa mada. Mimi nilikuwa muuguzi, nikiishi Temeke, na kabla ya mwaka 1983 nilikuwa nikitembea kwa miguu kwenda zamu ya alfajiri kwa sababu basi likija limejaa hadi mlangoni. Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mwaka ule, kwa nauli ya shilingi tano, yaani dala, ndipo nilipoanza kufika kazini miguu haijavimba. Asubuhi baada ya tangazo, gari lilijaa kama kawaida, ila hakuna aliyezungumza kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho.

Kutoka Mwanza:
Nimesita kuandika, kwa kuwa nyumbani kwetu kumbukumbu hii ina pande mbili. Katika msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, ulioongozwa na Sokoine mwaka 1983, wakati watu walipokuwa wakitupa mali vichakani na ziwani usiku kwa hofu, baba yangu alichongewa na mtu wa mtaani kwamba ameficha vitenge, akawekwa ndani wiki kadhaa, na duka lake dogo halikufunguliwa tena. Nilitarajia habari ya kifo kile ingemletea ahueni. Badala yake nilimkuta uani akilia, naye akaniambia kwamba aliyemchongea ni mwingine, na kwamba Sokoine hakuwa mtu wa kujilimbikizia. Nilikuwa kijana mwenye hasira, nikamjibu vibaya. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile. Bado naamini kwamba wasio na hatia waliumia, na bado naamini kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Sioni sababu ya kuchagua moja.

Mtoa mada:
Ndugu yangu wa Mwanza, nashukuru kwa ujasiri wako. Pole kwa yaliyompata mzee. Tukimkumbuka mtu tunayempenda, habari kama hii nayo inastahili nafasi.

Kutoka Monduli:
Nilikuwa mtoto mdogo, lakini mambo ya bibi yangu siyasahau. Kwetu sisi Wamaasai jina la aliyefariki halitajwi ovyo, na siku zile redio ilikuwa ikilitaja tangu asubuhi hadi usiku, mpaka bibi akamwomba mjomba aizime. Hata siku ya mazishi, pale Monduli Juu, watu walipofurika kuliko nilivyowahi kuona, yeye alimtaja kwa kusema "mtoto wetu" tu. Baadaye jina hilo likapewa barabara, viwanja na shule, na mwaka uleule wa 1984 likapewa chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, mkoa aliofia.

Miaka mingi baadaye nilipata nafasi katika chuo hicho. Nilimsomea bibi barua nikiiruka sehemu ya jina, nikisema tu "chuo cha Morogoro". Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama chuo hicho hakina jina. Nikanyamaza. Ndipo akalitamka yeye mwenyewe, polepole, yote matatu, akaniagiza niwapeleke ng'ombe maji.