Herufi za namba za Kifaransa, 1 hadi 99: jumla ni 1099 au 1017?

namba_tasa:
Wakuu, naandaa mfuatano wa idadi ya herufi za namba kwa Kifaransa: un 2, deux 4, trois 5, quatre 6 na kuendelea. Nafasi na vistari sivihesabu. Nina orodha mbili za maneno. Zinakwenda sawa hadi 69, halafu zinaachana. Moja inatoa jumla ya herufi 1099 kwa 1 hadi 99, nyingine 1017. Nishike ipi? Pia, ukichukua namba ukahesabu herufi zake, kisha jibu nalo ukalihesabu herufi, unaishia wapi? Kwa Kiingereza kila namba inaishia 4.

kikokotozi:
Zote sahihi mkuu, ila 1099 ni ya Ufaransa na 1017 ni ya Ubelgiji na Kongo. Hadi 69 wote wana 644. Ufaransa 70 ni soixante-dix (60 na 10) na 90 ni quatre-vingt-dix (20 mara 4, na 10). Brussels na Kinshasa husema septante na nonante. Kwa hiyo 70–79 ina herufi 140 Ufaransa na 118 Kongo. 90–99 ina 168 kwa 108. Pengo ni 22 + 60 = 82. Fungu la 80–89 halibadiliki, 147 kotekote, maana Wakongo nao husema quatre-vingts. Jimbo la Vaud kule Uswisi 80 ni huitante, hiyo inataka safu yake.

Chagua moja na uitaje kwenye kichwa cha jedwali. Kuchanganya ndiko kunakoharibu.

fundi_msimbo:
Angalia na haya. 80 peke yake ina s, quatre-vingts, herufi 12. Ikifuatwa na namba s inaanguka, quatre-vingt-un ni 13. Vivyo hivyo deux cents, lakini deux cent un. Mbele ya mille s haipo (deux cent mille), mbele ya millions inarudi (deux cents millions). 100 ni cent tupu, 1000 ni mille tupu, bila un.

Kosa baya zaidi ni "et". Kwa Ufaransa ipo kwenye 21, 31, 41, 51, 61 na 71 (soixante et onze), haipo kwenye 81 wala 91. Ukiitia huko unapata 1103, na hiyo ndiyo jumla halali ya 1 hadi 100, kwa kuwa cent ina herufi 4. Ukilinganisha jumla peke yake utadhani uko salama. Kagua fungu kwa fungu.

Ukihesabu kwa lugha ya programu ya Python usitumie len() moja kwa moja, inahesabu vistari na nafasi. Hesabu alama zinazopita isalpha(), yaani herufi tu. Na ukipima kwa baiti za UTF-8, zéro itatoka 5 badala ya 4 kwa sababu é inachukua baiti mbili.

kikokotozi:
Swali la pili: Kifaransa hakina namba inayojitaja, yaani yenye idadi ya herufi sawa na namba yenyewe. Kuna mzunguko 4 → 6 → 3 → 5 → 4 (quatre, six, trois, cinq), na namba zote huangukia humo. Mfano 94 → 19 → 7 → 4. Kuthibitisha ni rahisi: kuanzia 20 neno daima lina herufi chache kuliko namba yenyewe, kwa hiyo unakagua 0 hadi 19 tu. Kiswahili chetu nacho hakitulii: nne ina 3, tatu ina 4, unazunguka hapo.

namba_tasa:
Nimeelewa, nabaki na Ufaransa. Sasa natafuta namba ndogo kabisa yenye herufi k. Nikifika k fulani naweza kuanzia pale ilipoishia k iliyotangulia?

fundi_msimbo:
Hapana. Herufi 7 zinaanza kwenye 17, herufi 8 kwenye 14. Herufi 18 zinaanza 97 (quatre-vingt-dix-sept), 19 zinaanza 94 (quatre-vingt-quatorze). Pita namba zote mara moja, kila urefu mpya uandike ulipoonekana kwanza. Na ukiamua kuhesabu vistari, 94 haiongozi tena peke yake kwa urefu chini ya 100: inafungana na 97, 98 na 99, zote 21.